Kwa nini maonyesho makubwa ya muziki hayatiririshwi mtandaoni?

Mgeni_wa_Pazia

Ndugu wanabaraza,

Nimekuwa nikifuatilia tamthilia za muziki kwa njia ya rekodi za jukwaani zinazotiririshwa mtandaoni, kwa kuwa kumbi zenyewe za Broadway, New York, na za London ziko mbali nami. Nimekwisha kutazama Hamilton, Come From Away, na lile onyesho la kuadhimisha miaka 25 ya The Phantom of the Opera lililofanyika katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London, mnamo Oktoba 2011. Zote tatu zimenigusa, na zote tatu zimeniachia maswali ambayo naomba wajuzi wa baraza hili wanisaidie kuyajibu.

La kwanza ndilo kubwa. Kamera zipo, watazamaji wapo kila pembe ya dunia, na wengi wetu tuko tayari kulipa. Kwa nini basi maonyesho kama The Lion King, iliyoanza Broadway mwaka 1997, na Wicked, iliyoanza mwaka 2003, sijayaona popote katika rekodi rasmi ya jukwaani? Sizungumzii filamu zilizotengenezwa upya kutokana na maonyesho hayo. Nazungumzia onyesho lenyewe, likiwa ukumbini, mbele ya watu.

La pili linahusu Phantom. Kila anayeisimulia husema kwamba sehemu ya kwanza huishia kwa thurea kubwa (taa ya kuning'inia) kuporomoka kutoka juu ya vichwa vya watazamaji hadi jukwaani. Katika rekodi niliyoitazama thurea haikuporomoka. Je, kipande hicho kilikatwa?

La tatu ni la chemshabongo tu: ni tamthilia gani ya muziki iliyodumu jukwaani kuliko zote? Nikimuuliza huyu ananitajia Phantom, yule ananitajia Les Misérables, wa tatu anasema The Fantasticks, na yupo aliyenitajia The Mousetrap kwa uhakika mkubwa.

Mwenye kujua rekodi nzuri za zamani naomba anitajie pia.

Karani_wa_Mikataba

Karibu barazani, Ndugu Mgeni. Nitajibu swali lako la kwanza na kuwaachia wenzangu mengine.

Tuanze kwa kutenganisha mambo mawili: rekodi kutokuwapo, na rekodi kutouzwa. Maonyesho mengi sana ya Broadway yamerekodiwa. Maktaba ya Umma ya New York ina hazina ya rekodi za jukwaani iliyoanzishwa mwaka 1970 na Betty Corwin, na humo zimehifadhiwa rekodi za maelfu ya maonyesho. Ila vyama vya wafanyakazi na wenye haki walikubali kamera ziingizwe kwa sharti kwamba rekodi zitazamwe ndani ya jengo la maktaba tu, na mtu mwenye sababu ya utafiti, ya masomo au ya kikazi, wala nakala isitoke nje. Makumbusho ya Victoria and Albert ya London nayo imekuwa ikifanya kazi kama hiyo tangu mwaka 1992. Kwa hiyo unachokikosa si kazi ya kamera bali ni idhini.

Na idhini hiyo haitoki kwa mtu mmoja. Tamthilia ya kawaida huwa na mwandishi mmoja, na akikubali yeye, nusu ya njia imekwisha. Tamthilia ya muziki ina mtunzi wa muziki, mtunzi wa maneno ya nyimbo, mwandishi wa mazungumzo, mwenye riwaya au filamu iliyokuwa chimbuko, mwongozaji, mbunifu wa ngoma, wabunifu wa mandhari, wa maleba, wa taa na wa sauti, waigizaji wote, na okestra nzima. Chukua Wicked: riwaya ni ya Gregory Maguire, muziki na nyimbo ni za Stephen Schwartz, mazungumzo ni ya Winnie Holzman, na miongoni mwa watayarishaji imo studio ya filamu ya Universal, ambayo ndiyo iliyokuja kutoa filamu yake mwaka 2024. Studio inayojiandaa kutengeneza filamu haina haraka ya kuona rekodi ya jukwaani ya hadithi ileile ikizagaa mtandaoni kabla yake.

Hata vyama vyenyewe havikuwa na kauli moja kuhusu kazi hii ni ya nani. Mwaka 2020, kumbi zilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, chama cha waigizaji wa jukwaani cha Marekani, Actors' Equity, na kile cha waigizaji wa filamu na televisheni, SAG-AFTRA, viligombania mamlaka ya kusimamia maonyesho yanayotiririshwa, na mvutano huo haukutulia hadi mwishoni mwa mwaka.

Lakini sababu ninayoiona kuwa nzito kuliko zote ni ya kibiashara, na ndiyo inayoeleza kwa nini opera imetutangulia. Metropolitan Opera ya New York ilianza kurusha maonyesho yake mubashara katika kumbi za sinema tarehe 30 Desemba 2006, kwa The Magic Flute ya Mozart. National Theatre ya London ilifuata tarehe 25 Juni 2009 kwa Phèdre, Helen Mirren akiwa mhusika mkuu. Taasisi hizi mbili zina okestra au mafundi wao wenyewe, zinapokea ruzuku au michango, na kila kazi huonyeshwa kwa muda maalumu kisha hupisha nyingine. Rekodi haiwanyang'anyi tiketi za mwaka ujao kwa sababu mwaka ujao watakuwa na kazi nyingine. Onyesho la Broadway halina tarehe ya mwisho. Linatakiwa lijaze ukumbi mara nane kwa wiki, mwaka baada ya mwaka, na mtayarishaji wake huogopa kumpa mtu sababu yoyote ya kubaki nyumbani.

Ndiyo maana utaona kwamba rekodi nyingi za Broadway huzaliwa onyesho linapokaribia kuaga. Rent ilirekodiwa ilipofikia tamati mwaka 2008. She Loves Me, ambayo tarehe 30 Juni 2016 ilikuwa tamthilia ya muziki ya kwanza ya Broadway kutiririshwa mubashara, kupitia huduma ya mtandaoni ya BroadwayHD, ilikuwa imebakiza siku chache tu kufungwa. Merrily We Roll Along, pamoja na Jonathan Groff, Daniel Radcliffe na Lindsay Mendez, ilirekodiwa Juni 2024, wiki za mwisho kabla ya kufungwa Julai, na ikaingia sinema Desemba 2025.

Fundi_wa_Taa

Ndugu Karani amemaliza upande wa makaratasi. Mimi nitasema machache kuhusu thurea, kisha nieleze jinsi kamera inavyofanya kazi ukumbini, kwa sababu nadhani swali la pili la Ndugu Mgeni linagusa jambo pana kuliko kipande kimoja.

Hakuna kilichokatwa. Thurea haikuporomoka usiku ule hata kwa waliokuwa ukumbini. Onyesho la Broadway katika ukumbi wa Majestic lilijengewa winchi na nyaya zake, likakaa humo miaka 35. Royal Albert Hall ni ukumbi wa duara wenye kuba kubwa na watazamaji zaidi ya 5,000, na Phantom ilipewa siku mbili tu humo, maonyesho matatu. Kwa muda huo hufungi mtambo wa kushusha mzigo mzito juu ya watu, kwa hiyo thurea ilifyatua cheche pale pale ilipokuwa ikining'inia. Vivyo hivyo okestra: badala ya kufichwa katika shimo mbele ya jukwaa, iliinuliwa juu nyuma ya waigizaji, na mandhari nyingi zilionyeshwa kwa picha za skrini. Kile ulichokitazama ni toleo lililotengenezwa kwa ajili ya jengo lile, ambalo halifanani kabisa na lile la Majestic.

Sasa kamera. Taa za jukwaani hupangwa kwa ajili ya jicho la binadamu, ambalo linaweza kuona kwa wakati mmoja uso uliomulikwa vikali na kona yenye giza zito. Kamera haina uvumilivu huo. Ukiiacha taa ya kumfuata mwigizaji katika nguvu yake ya kila siku, uso hugeuka kipande cheupe kisicho na macho, na waliosimama nyuma yake hupotea. Kwa hiyo kabla ya kurekodi, fundi hupitia alama moja baada ya nyingine, akipunguza hapa na kuongeza pale, bila kuharibu rangi alizozichagua mbunifu. Sauti nayo haichukuliwi kutoka kwenye spika za ukumbi. Kila mwigizaji ana kipaza sauti kidogo kilichofichwa kwenye mstari wa nywele au ndani ya nywele bandia. Kila kimoja hurekodiwa peke yake, kisha vyote huchanganywa upya studioni pamoja na ala na makofi.

Hamilton ni mfano mzuri wa kazi hii kwa sababu walijipa nafasi. Walirekodi kwa siku tatu mwezi Juni 2016 katika ukumbi wa Richard Rodgers: maonyesho mawili yalikuwa na watazamaji, na katikati yake zilirudiwa baadhi ya nyimbo ukumbi ukiwa mtupu, ili kamera zipande jukwaani na kuzunguka waigizaji. Jonathan Groff, ambaye aliigiza Mfalme George na alikuwa amekwisha kuondoka Aprili, aliitwa arudi kwa ajili hiyo. Tazama tena wimbo wake wa kwanza. Amesimama karibu bila kutikisika, na kamera imemsogelea kiasi kwamba unayaona mate yakimtoka mdomoni, yakimshuka kidevuni, naye haachi kuimba wala hainui mkono kuyafuta. Aliyeketi ghorofa ya pili Richard Rodgers hakuwahi kuyaona.

Lakini tazama pia wimbo wa Angelica, pale sherehe ya harusi inaporudishwa nyuma na kundi zima linacheza hatua zake kinyumenyume juu ya sakafu inayozunguka. Hapo uso mmoja hautoshi. Unahitaji jukwaa lote. Mwongozaji Thomas Kail alijua lini arudi nyuma, na hata aliweka picha kutoka juu inayoonyesha miduara miwili ya sakafu ikizunguka. Rekodi nyingine hazina busara hiyo. Mhariri akishapenda nyuso, ngoma huwa viganja na mabega yanayopita pembeni mwa picha, na kazi ya miezi ya mbunifu wa ngoma inaishia hapo.

Kumbukumbu_za_Jukwaa

Salaam kwenu nyote. Naomba nichukue swali la tatu, ambalo Ndugu Mgeni ameliita la chemshabongo, maana wote waliokujibu wanaweza kuwa sahihi kutegemea walichokihesabu.

Kama swali ni la Broadway, jibu ni The Phantom of the Opera: ilifunguliwa tarehe 26 Januari 1988 na kufungwa tarehe 16 Aprili 2023 baada ya maonyesho 13,981. Inayoifuata ni Chicago, toleo lililorudishwa mwaka 1996. Jambo la kuchekesha ni kwamba toleo lake la kwanza la mwaka 1975, la Bob Fosse, halikupata hata moja ya tano ya umri huo.

Kama swali ni la New York kwa ujumla, The Fantasticks inaipita Phantom kwa mbali: ilifunguliwa tarehe 3 Mei 1960, ikafungwa tarehe 13 Januari 2002, maonyesho 17,162. Haihesabiwi kuwa ya Broadway kwa sababu Broadway si mtaa bali ni ukubwa wa ukumbi. Ukumbi wa Broadway unatakiwa uwe na viti 500 au zaidi, ilhali ule wa Sullivan Street, ulimochezwa The Fantasticks, ulikuwa na viti karibu 150. Fanyeni hesabu: hata kama kila kiti kingekaliwa kila siku kwa miaka 42 hiyo, watazamaji wasingefika milioni 3, wakati Phantom ilitazamwa New York na watu karibu milioni 20.

Kama ni la London, basi ni Les Misérables, iliyofunguliwa Barbican tarehe 8 Oktoba 1985, mwaka mmoja na siku moja kabla ya Phantom kufunguliwa katika mji huohuo. Hapa mabishano huanza, kwani maonyesho yote mawili yamefanyiwa mabadiliko makubwa, na wapo wasiokubali kwamba ni yaleyale. Les Misérables ilibadilishiwa uongozaji na mandhari, na ile sakafu yake maarufu ya kuzunguka ikaondolewa. Phantom ya London iliporudi mwaka 2021, okestra ilikuwa imepunguzwa kutoka wapiga ala 27 hadi 14. Kwa sababu hiyo rekodi ya mwaka 2011 aliyoitazama Ndugu Mgeni, pamoja na thurea yake isiyoporomoka, ina kitu ambacho mwenye tiketi ya London leo hakipati, nacho ni okestra kamili.

The Mousetrap ni kweli imedumu kuliko zote hizo, tangu tarehe 25 Novemba 1952, ikisimama tu kuanzia Machi 2020 hadi Mei 2021. Lakini haina wimbo. Aliyekutajia kwa uhakika mkubwa alijibu swali ambalo hukumuuliza.

Niongeze neno kuhusu historia, kwa kuwa nimeona mtandaoni watu wakiandika kana kwamba kupeleka jukwaa nyumbani kwa mtazamaji kulianza mwaka 2020. Mwaka 1881 mhandisi Mfaransa Clément Ader aliweka vipokea sauti mbele ya jukwaa la Opera ya Paris na kuvuta nyaya hadi kwenye Maonyesho ya Umeme. Wageni walishika visikilizio viwili, kimoja kila sikio, na kwa kuwa kila kimoja kilitokana na upande wake wa jukwaa, waliweza kumsikia mwimbaji akihama kutoka kushoto kwenda kulia. Mwaka 1890 ikaundwa kampuni iliyowauzia watu huduma hiyo kwa usajili, wakasikiliza opera kwa simu wakiwa majumbani mwao. Mwandishi Marcel Proust alikuwa mmoja wa waliojisajili. London ilipata huduma yake ya aina hiyo mwaka 1895. Redio ilikuwa bado kabisa.

Televisheni ilipokuja, tamthilia za muziki zilikuwa humo mapema. Tarehe 31 Machi 1957 kituo cha CBS kilirusha mubashara Cinderella ya Rodgers na Hammerstein, iliyotungwa mahususi kwa televisheni, Julie Andrews akiwa na umri wa miaka 21. Inakadiriwa kwamba iliwafikia watu zaidi ya milioni 100 kwa usiku mmoja. Ilirushwa kwa rangi, lakini nakala iliyobaki ni ya rangi nyeusi na nyeupe, kwa kuwa ilipatikana kwa kuelekeza kamera ya filamu kwenye skrini ya televisheni.

Na kisa ninachokipenda kuliko vyote si cha muziki, ila kinastahili kutajwa hapa. Mwaka 1964 Hamlet ya Richard Burton ilirekodiwa katika ukumbi wa Lunt-Fontanne, Broadway, kwa mtambo wa kielektroniki uliohitaji mwanga mdogo, ikaonyeshwa sinema kote Marekani kwa siku mbili tu. Mkataba ulisema kwamba baada ya hapo nakala zote ziharibiwe, ili isije ikaonekana tena. Burton alibaki na nakala moja, na ndiyo iliyotuwezesha kuitazama leo. Karani wetu wa Mikataba asisikie.

Mgeni_wa_Pazia

Nawashukuru nyote, nimepata zaidi ya nilichoomba. Ndugu Karani, naomba unifafanulie jambo moja. Umesema watayarishaji huogopa kwamba rekodi itawanyang'anya wanunuzi wa tiketi. Je, hofu hiyo ina msingi? Hamilton ilipoingia Disney+ mwaka 2020, ukumbi wake ulikuwa umefungwa kama kumbi zote, lakini tangu kumbi zifunguliwe Septemba 2021 onyesho linaendelea hadi leo.

Karani_wa_Mikataba

Swali zuri, na jibu la haki ni kwamba ushahidi uko pande zote mbili, ingawa kwa maoni yangu mzigo mkubwa uko upande wa wasioogopa.

Hamilton inaripotiwa kuwa iliuzwa kwa Disney kwa dola milioni 75 hivi, kiasi kinachopita mbali gharama ya kulitengeneza onyesho lenyewe, na baada ya hapo imeendelea kuuza tiketi. Septemba 2025, ikitimiza miaka 10 Broadway, rekodi ileile iliyokuwa mtandaoni kwa miaka mitano ilipelekwa sinema, na watu wakailipia tena. Filamu ya Wicked ilipotoka Novemba 2024, wapo waliotabiri kwamba ukumbi wa Gershwin, linamochezwa onyesho lake, utapoa. Katika wiki ya mwisho ya Desemba onyesho hilo likawa la kwanza katika historia ya Broadway kukusanya zaidi ya dola milioni 5 kwa wiki moja. Najua ile ni filamu na si rekodi ya jukwaani, lakini mnunuzi wa tiketi ni yuleyule.

Upande wa pili ipo tamthilia ya muziki ya Diana. Watayarishaji wake waliirekodi mwaka 2020 bila watazamaji, wakaiweka Netflix tarehe 1 Oktoba 2021, kabla ya ufunguzi rasmi Broadway mwezi uliofuata. Wakosoaji waliichana, mtandao ukaifanya kichekesho, na onyesho likafungwa Desemba baada ya maonyesho 33 tangu ufunguzi. Wanaoogopa huitaja kila mara. Mimi nasema rekodi haikuliua onyesho zuri pale. Iliwahi tu kuwaonyesha watu kwamba onyesho halikuwa zuri. Ila kwa mtayarishaji aliyeweka mamilioni ya wawekezaji, tofauti hiyo haimfariji sana.

Sauti_ya_Nyuma

Wenzangu, nimesoma yote kwa makini, na naomba niwe mpinzani kidogo. Mnazungumza kana kwamba kinachokosekana ni haki na fedha tu, na vikipatikana hivyo tutakuwa na jukwaa mkononi. Mimi naona rekodi iliyo bora kabisa bado si jukwaa, na sababu haiko kwenye taa wala kwenye uhariri.

Jukwaani mwigizaji husikia. Akitua kabla ya neno la mwisho la kichekesho, urefu wa kutua kwake hutegemea kicheko cha watu wa usiku ule. Mpiga ngoma wa okestra naye humngoja. Linganisheni Diana, iliyotajwa na Ndugu Karani, na Come From Away. Zote mbili zilirekodiwa wakati wa janga lilelile. Katika Diana vichekesho vinadondoka kwenye ukumbi mtupu, waigizaji wanapita haraka kwa kuwa hakuna cha kungoja, na kila kitu kinaonekana kama mazoezi ya mwisho yaliyovaliwa maleba. Come From Away ilirekodiwa Mei 2021 katika ukumbi wa Gerald Schoenfeld mbele ya watazamaji walioalikwa, wakiwamo manusura wa mashambulizi ya Septemba 11 na wahudumu wa mstari wa mbele. Waigizaji 12 wanabadilika kutoka abiria kuwa wenyeji wa Gander, mji wa Kanada, kwa kuvua koti au kugeuza kofia, na unasikia ukumbi ukiwafuata. Mkitaka kujua kama rekodi ina thamani, sikilizeni watazamaji kabla ya kuwatazama waigizaji.

Kwa hiyo sipingi rekodi. Napinga zile zisizo na watu. Cats ya mwaka 1998, iliyopigwa katika ukumbi wa Adelphi bila watazamaji, ni picha safi mno ya paka wanaocheza, na mimi siwezi kuimaliza.

Fundi_wa_Taa

Ndugu Sauti, kuhusu Diana sibishani nawe. Kuhusu Cats nitabisha: ukumbi mtupu ndio ulioruhusu kamera ishuke usawa wa sakafu, na kwa ngoma ya kutambaa kama ile, mtazamaji wa ukumbini hakuwahi kuwa na kiti kizuri kama kile. Miili ile ndiyo hadithi yenyewe. Ningekubaliana nawe kama ingekuwa kazi ya vichekesho.

Kumbukumbu_za_Jukwaa

Kabla hamjafika mbali, Ndugu Mgeni aliomba rekodi za zamani na hakuna aliyemjibu.

Anza na Sweeney Todd iliyorekodiwa Los Angeles katika ziara ya onyesho hilo na kutolewa mwaka 1982, Angela Lansbury na George Hearn wakiongoza. Kamera zake ni za kizamani na picha ina ukungu kidogo, lakini mtazame Lansbury katika wimbo wa maandazi ya nyama: anakanda unga, anaua mende, anafuta meza na kuimba maneno yanayokimbizana, na kila pigo la mkono wake linaangukia kwenye noti yake. Baada ya hiyo, Sunday in the Park with George, iliyorekodiwa mwaka 1985 pamoja na Mandy Patinkin na Bernadette Peters, mwaka uleule ilipopata Tuzo ya Pulitzer. Kisha Into the Woods, ambayo kundi lake la kwanza lilikutanishwa tena na kurekodiwa mwaka 1989 ikiwa imebakiza muda mfupi, na kurushwa kwenye televisheni ya umma ya Marekani mwaka 1991.

Zote tatu ni za mtunzi Stephen Sondheim, na Merrily We Roll Along aliyoitaja Ndugu Karani ni yake pia. Ilipotoka mara ya kwanza mwaka 1981 ilifungwa baada ya maonyesho 16. Ukiitazama, jua mapema kwamba hadithi inaenda kinyumenyume, kutoka urafiki uliovunjika hadi siku marafiki watatu walipokutana, na usiizime nusu saa ya kwanza kwa kuwachukia wahusika; wameandikwa hivyo kwa makusudi.

Mgeni_wa_Pazia

Nitaanza na Sweeney Todd mwishoni mwa wiki hii. Ndugu Sauti, nitausikiliza ukumbi kama ulivyoelekeza. Ndugu Fundi, nimeirudia Hamilton jana kwa ajili ya yale mate, na kwa kweli hayafuti.